Fundi Shuaibu na Sahani ya Bi Shufaa

Shuaibu bin Mwinjuma hakufundishwa ufundi na mtu. Aliacha shule darasa la nne baba yake alipofariki, na redio ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya mjomba wake, redio ya taa iliyochukua dakika nzima kupata moto kabla ya kusema. Alichapwa kwa kuifungua. Baadaye akapata kitabu cha Kiingereza cha umeme wa redio, kimekatika jalada, akakisoma kwa miaka miwili na kamusi mapajani, neno moja baada ya jingine, mpaka akakimaliza. Tangu hapo hakuna mtu Bagamoyo aliyepata kumwambia kwamba hajasoma.

Sasa ana miaka sabini na miwili. Kibaraza chake kiko upande wa soko la zamani, nusu yake na nusu ya Mrisho fundi cherehani, na ukutani rafu zimejaa redio ambazo wenyewe wamekufa au wamesahau. Wateja wamepungua. Mlango wa pili amefungua duka kijana wa bara, Anold, mtu wa miaka thelathini na kitu, lina vioo na taa za rangi. Kazi yake ni kung'oa redio za magari na kupachika vioo vikubwa kama televisheni ndogo. Watu wenye magari waliojenga nyumba mpya kule Mapinga hupanga foleni kwake kila Jumamosi.

"Yule si fundi," Shuaibu humwambia Mrisho. "Yule ni mbadilishaji."

Na akianza hapo hamalizi. Kwamba siku hizi kitu kikiumwa kinatupwa. Kwamba watoto wanampita mtu mzima wameziba masikio kwa waya, salamu hakuna. Kwamba heshima imezikwa, wala waliozika hawakusoma hata hitima. Lakini kilichomuuma zaidi ni neno. Zamani, alisema, mtu akikupa neno lake ulilala usingizi. Siku hizi mtu anakuapia huku anaangalia simu.

Mrisho humsikiliza, anaitika "naam" na "kweli kabisa", na cherehani inaendelea kwenda.

Jumatano moja, saa nne za asubuhi, gari dogo la Kijapani la rangi ya maziwa lilisimama mbele ya kibaraza. Akashuka Adila, mwalimu wa shule ya msingi kule Kaole, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mtulivu, anayejifunga mtandio mpaka hauonekani unywele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama Dija hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu kila siku. Kaole wazima?"

"Wazima wote, alhamdulillah." Akamsalimu na Mrisho, akauliza hali ya mkewe na ya mjukuu wake aliyekuwa na surua, kisha akasogea karibu na Shuaibu, akapunguza sauti. "Baba, nakuomba uingie garini kidogo."

Shuaibu akaingia. Adila akapandisha vioo vyote juu, na joto likawajia kama wamefungiwa kwenye tanuri.

"Redio imekwama," alisema. "Inameza sahani sita, hizi za sidii. Zimo ndani zote, haipigi wala haizitoi. Sikiliza."

Akabonyeza. Ndani ya dashibodi kikaguguna kitu, kikajisukuma, kikagonga mara mbili, kikanyamaza. Kwenye kioo kidogo zikatokea herufi za kosa.

"Hii hujampitishia jirani yangu?"

"Nimempitishia. Amesema aing'oe, aitupe, anipachikie ya kioo. Nikamwuliza, na sahani zilizo ndani? Akacheka. Akaniambia, mama, siku hizi nani anasikiliza sidii?"

Shuaibu akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Zitatoka, mwanangu. Kilichoingia na mkono kinatoka na mkono."

Adila hakutabasamu. Alikuwa anauangalia usukani. "Moja kati yake ina sauti ya Bi Shufaa."

Bi Shufaa, bibi yake Adila mzaa mama, alikuwa na miaka minne kaburini. Ndiye aliyekuwa kungwi mkubwa wa upande ule wote, aliyewafunda na kuwacheza wali, wasichana waliovunja ungo, wa vizazi viwili. Dija, mke wa Shuaibu, alichezwa na Bi Shufaa. Alipokufa, ukungwi ukamwangukia Adila, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na hakuzijua nyimbo hata nusu.

"Zipo nyimbo za uwanjani, hizo kila mtu anazisikia," Adila alisema. "Na zipo za ndani. Za ndani alibaki nazo yeye peke yake. Alipoona macho yanamwishia aliniruhusu nizirekodi, mara moja tu, kwenye sahani moja. Akanikataza kutoa nakala. Nami nyumbani nina mume, nina wanangu watatu wa kiume. Mahali pangu pa kujifunzia ni humu. Nikienda kazini, nikirudi, vioo juu, naimba naye."

"Humu, na joto hili?"

"Humu humu. Nilikuwa nimebakiza wimbo mmoja, ule mkubwa wa mwisho. Jumamosi ya wiki ijayo tunamtoa mwali, Batuli, mtoto wa dada yangu. Na sahani ndiyo imekwama."

Shuaibu akalishika paji lake, jasho likamtiririka vidoleni.

"Sikiliza baba. Ina nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, karibu na tundu. Ukiitoa usiipige. Hata kuijaribu. Uifunge kwenye kitambaa hiki unipe. Wimbo wa ndani ukisikiwa na mwanamume akauelewa, umekufa. Mwali haimbiwi tena wimbo huo. Ndivyo tulivyoachiwa."

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kuambiwa hayo? Mimi niliyekua na adabu hizo?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Lakini niapie."

Aliudhika kidogo, na papo hapo alifurahi. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu alipotaka kitu kwake kwa uzito ule. Akanyanyua kidole cha shahada.

"Wallahi sitaipiga, wala sitaisikiliza."

Adila akashusha pumzi, akamwachia ufunguo, akapanda bodaboda kwenda zake.

Kazi ilimchukua siku mbili. Jumatano ilikwisha kwa kufungua dashibodi tu, maana plastiki zile hazitaki nguvu, zinataka kubembelezwa ukingo mmoja mmoja. Alhamisi akaiweka redio juu ya shuka jeupe mezani pake, akafungua kifuniko, skrubu nane akazipanga ndani ya kisahani cha chai kwa namna zilivyotoka. Akakaa anaitazama tu kwa muda mrefu. Anold alipita mara mbili akaona mzee hafanyi kitu, akacheka. Hakujua kwamba ile ndiyo kazi yenyewe.

Ugonjwa aliuona. Sahani moja ya kasida ilikuwa imebandikwa karatasi yenye picha ya mwimbaji. Joto la gari limeibandua ile karatasi, ikajikunja, ikanata kwenye roda ya mpira inayovuta sahani. Ya juu yake imeingia mshazari. Zote zilizobaki zimebanwa hapo, moja juu ya nyingine, kama watu waliokwama mlangoni.

Ijumaa asubuhi alianza kuzitoa. Alizungusha gia nyeupe kwa ncha ya kidole, nusu jino, anasimama, anasikiliza, nusu jino tena. Ikatoka ya kwanza. Ikatoka ya pili. Mrisho aliacha kushona akaja kutazama. Ya tano ilipotoka mkono wake ulikuwa umechoka, maana mkono wa miaka sabini na miwili si wa mtu tena ukishafanya kazi saa tatu, na bisibisi aliyoinulia sahani ikateleza. Iligusa kitu. Akaizungusha gia mara ya mwisho, sahani ya sita ikatoka. Ilikuwa na nukta nyekundu. Na mbali na nukta, ukingoni, palikuwa na mkwaruzo mpya, urefu wa ukucha.

Hakumwambia mtu. Akaifunga kwenye kitambaa cha Adila, akaenda kuswali Ijumaa.

Kama alifahamu khutba ilihusu nini, baadaye hakuweza kusema.

Aliporudi alisafisha roda kwa spiriti, akaibandua karatasi yote kwenye ile sahani ya kasida, akafunga kifuniko, akaiunga redio kwenye betri na kwenye spika mbili kubwa za ukumbini alizoachiwa na mteja mmoja aliyehama. Akatia sahani za kasida, tano zote. Redio ikazimeza, ikazipanga, ikapiga. Watu waliokuwa wanatoka msikitini wakasimama. Mmoja akasema mashaallah. Kibaraza kilichokuwa kimya miezi mingi kikajaa wanaume kumi na kitu, na Shuaibu akajiona amerudi kuwa yule wa zamani, fundi ambaye watu walitoka mpaka Miono kumletea redio mgongoni mwa baiskeli.

Anold akaja naye, mikono mifukoni.

"Hongera mzee wangu. Umefufua maiti, kweli. Na ile?"

"Ipi?"

"Uliyoifunga kitambaa. Nilikuona asubuhi ukiipeleka juani ukiigeuzageuza. Ina mchubuko, au siyo?"

"Hilo halikuhusu."

"Halinihusu. Lakini unajua na mimi najua, sahani ikichubuliwa hivyo haisomi. Mama wa watu utamkabidhi kifuniko cha sufuria." Watu wakacheka. "Ijaribu tuone."

"Siijaribu."

"Haya, msikieni! Haijaribu. Ndio nyinyi mafundi wa zamani. Kutoa mnatoa, kama kilichotoka ni kizima hilo mnamwachia Mungu."

"Anold, muache mzee," Mrisho alisema, huku uzi uko mdomoni.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo alilolirudia kichwani siku zote zilizofuata, kwamba angeweza kunyamaza, na kicheko kile kingekwisha na watu wangekwenda kula. Lakini alimfikiria Adila akiwa na plastiki iliyokufa mkononi, Jumamosi imefika. Akajiambia fundi wa kweli hamrudishii mtu kitu asichojua kama kizima. Akajiambia kwamba redio hii ikiisoma sahani huonyesha namba za nyimbo kwenye kioo, na namba hazina sauti, na kutazama namba si kusikiliza. Alijitungia hoja moja juu ya nyingine kwa haraka, kama wakili.

Akapunguza sauti mpaka mwisho. Akafungua kitambaa. Akaitia.

Redio ikafikiri. Kisha kioo kikaonyesha nyimbo saba.

"Inasoma!" alisema kwa furaha.

"Kusoma hesabu si kupiga," Anold akajibu. "Mchubuko uko ukingoni, kwenye wimbo wa mwisho. Nenda wa mwisho."

Wimbo wa mwisho. Ule mkubwa. Ule ambao Adila bado hajaujua.

Shuaibu akaenda wa saba. Dakika zikaanza kuhesabiwa kwenye kioo. Aligusa kitasa cha sauti, akakizungusha kiasi cha unywele, asikie kama kuna kukatika tu. Sikio lake la kushoto limekwisha siku nyingi. Hakusikia kitu. Akaongeza. Kimya. Akaongeza tena, akaongeza, na hakujua kwamba Bi Shufaa alikuwa ametulia kwanza kabla ya kuanza, kama wanavyotulia wanaojua.

Halafu sauti yake ikatoka ikaijaza njia nzima.

Ngoma ndogo nyuma, inapigwa kwa vidole, na sauti ya bikizee isiyo na haraka, inaita na kujijibu yenyewe. Ng'ambo ya barabara mama muuza vitumbua akaruka kutoka kwenye kigoda chake, akajifunika uso na khanga.

"Zima! Zima wewe! Zima!"

Mkono wa Shuaibu ulikuwa juu ya kitasa. Hakuuzungusha.

Bi Shufaa alikuwa mtu wa Miono, na wimbo ulikuwa wa Kikwere cha kale, kile cha mama yake Shuaibu, ambacho hajakisikia tangu alipomteremsha mama huyo kaburini. Nani anakisema tena? Hata huko Miono watoto wanajibu kwa Kiswahili cha redioni. Neno la kwanza lilimwingia, la pili likamfuata, na maneno mengine aliyodhani ameyazika yakawa yanaamka yote. Alielewa kila neno. Maneno yenyewe hayaandikwi. Kwa kiasi cha mtu kunywa kikombe cha kahawa alisimama pale, mzee mzima, mbele ya wanaume kumi na kitu, machozi yanamlengalenga, anasikiliza jambo aliloapa kwa jina la Mungu kwamba hatalisikiliza. Na alitaka lisiishe.

Mrisho, ambaye goti lake bovu humchukua muda kunyanyuka hata anapoitwa chakula, ndiye aliyerukia betri akang'oa waya.

Kimya.

"Aa, kumbe ngoma tu," Anold alisema. "Nami nilidhani kuna siri. Lugha gani ile?"

"Sijui," mwingine akajibu. "Kama Kizigua, sijui." Hakuna aliyekuwa ameelewa. Wakatawanyika kwenda kula, na kwao ilikuwa imekwisha.

Mrisho alirudi kwenye cherehani yake. Hakuanza kushona.

Adila alifika alasiri akitembea kwa miguu kutoka stendi, na uso wake ulionyesha kwamba mama wa vitumbua ameshafika kwake kwa simu. Hakutoa shikamoo. Alisimama chini ya kibaraza.

"Umeipiga, baba?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Shuaibu, aliyekuwa akihubiri habari ya neno miaka ishirini, alichukua ile fupi.

"Redio ilijiwasha yenyewe, mwanangu. Nilikuwa najaribu zile za kasida. Mashine hizi za Kijapani zina akili zake."

Cherehani ya Mrisho ikaanza kwenda kwa nguvu, bila nguo chini ya sindano.

"Wimbo gani?"

"Wa mwisho. Kidogo tu."

"Na waliokuwepo, walielewa?"

"Hata mmoja. Wanasema Kizigua."

"Na wewe?"

"Mimi?" akasema. "Kikwere kile cha kale nani anakielewa, mwanangu? Nilisikia kelele tu."

Adila akafumba macho. Aliposhusha pumzi, mabega yake yote yalishuka. Kisha akapanda kibaraza, akaushika mkono wa Shuaibu kwa mikono yake miwili, akaubusu kama anavyobusiwa mzazi.

"Mungu amesitiri," alisema. "Nisamehe baba, nilikuja na moto. Alhamdulillah."

Tangu azaliwe Shuaibu hakuwahi kuona kitu kizito kama busu lile. Aliirudisha redio garini akiwa hamtazami, akamkabidhi ile sahani kwenye kitambaa chake, akakataa ujira, naye Adila akamshukuru zaidi kwa hilo pia.

Nyumbani, Dija alimwandalia wali na samaki, akakaa mkabala naye kwenye mkeka, hakula.

"Nimeonana na Adila njiani," alisema. "Amefurahi. Amesema hukuelewa."

Shuaibu alikuwa anatafuta mwiba kwenye samaki asiye na miiba.

"Mama yako alipougua miezi ile sita, nani alikuwa anamsemesha Kikwere usiku na mchana? Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, Shuaibu. Nilikuwa nasikia."

"Dija..."

"Sitasema. Usidhani nakusitiri wewe. Ule wimbo niliimbiwa mimi. Kama hautaimbwa Jumamosi, hautaimbwa tena, hakuna mwingine anayeujua." Akainuka, akachukua sahani yake ambayo hajaigusa. "Ila Jumamosi nitakuwa mle ndani. Adila ataita, mimi nitaitika. Najua ninachokiitika ni maiti. Hilo umenipa mimi."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia kwa siku tatu. Chakula alimwekea, maji ya kuoga alimtengea, shikamoo za wajukuu alizipokea kwa niaba ya wote wawili. Hakumnyima kitu ila maneno.

Kafara ya kiapo aliijua. Kulisha maskini kumi hakuwa na uwezo, kwa hiyo akafunga siku tatu kuanzia kesho yake, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Alifunga vizuri, hakugombana na mtu, hakumsema Anold, hakusema zamani hivi wala siku hizi vile. Mrisho alipomwuliza kama anaumwa alisema hapana. Jumatatu magharibi alifungua kwa tende na maji, akangoja wepesi wa moyo. Haukuja. Alikuwa amelipa upande wa Mungu, labda. Upande wa Kaole ulikuwa kama ulivyokuwa.

Jumanne akaenda Kaole. Alimkuta Adila nyuma ya nyumba anapepeta mchele wa sherehe. Adila akamwona kutoka mbali, akaacha ungo, akamletea kiti, shikamoo, karibu, nikuletee maji. Kila neno zuri alilomwambia lilimuuma.

"Usiniletee kitu," alisema. "Nikae kwanza niseme, nisije nikapata raha nikaghairi. Redio haikujiwasha. Niliitia mimi kwa mkono wangu, nilitiliwa maneno na yule jirani, nikaingia kichwa kichwa. Na Kikwere nilikielewa. Chote. Na nilikuwa na mkono kwenye kitasa, mwanangu, na sikuzima."

Kuku wakaanza kula mchele wa kwenye ungo, Adila hakuwafukuza.

"Kwa nini hukuzima?"

Alikuwa ameandaa majibu njia nzima.

"Ulikuwa mzuri," alisema.

Alidhani atalia, au atamfukuza. Adila akamtazama tu, kwa muda, kama mwalimu anavyotazama hesabu ya mtoto iliyokosewa tangu mstari wa kwanza.

"Nilikuwa nimeshaujua," akasema taratibu. "Tangu Ijumaa naimba naye, kwenda na kurudi. Jana nimeumaliza. Nilisimamisha gari pale kwenye mikorosho nikauimba wote peke yangu, sikukosea hata mahali pamoja. Nikalia. Nikasema, bibi, nimeufikisha." Akaokota ungo. "Kwa nini hukukaa na uongo wako?"

"Ulinishika mkono, mwanangu. Sikuweza."

"Hukuweza. Kwa hiyo umekuja kunitwisha mimi. Wewe utarudi Bagamoyo mwepesi. Mimi ndiye nitakayeingia mle ndani nikijua. Nikiuimba, nimemdanganya mtoto siku yake ya kwanza ya utu uzima. Nisipouimba, nimeuzika."

Hilo hakuwa amelifikiria. Njia nzima kutoka Bagamoyo alijiona anafanya jambo la kiungwana, jambo la watu wa zamani, na kumbe alikuwa anajitua mzigo tu juu ya kichwa cha mtu mwingine. Alitaka kusema hilo nalo. Akaona akilisema atakuwa anaomba tena kitu.

"Samahani," alisema.

"Nimekusikia, baba."

Hakumwambia amesamehe. Alimsindikiza mpaka barabarani, maana mgeni husindikizwa, akasimama naye mpaka alipopata usafiri.

Jumamosi ya sherehe ikafika, Bagamoyo nzima ilijua kwamba mtoto wa dada yake Mwalimu Adila anatolewa. Nyumba ya sherehe ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kibarazani. Tangu saa nne wanawake walipita na khanga za sare, Dija miongoni mwao, amejifunga sawasawa, hakuangalia upande wa mumewe. Nyimbo za uwanjani zilianza, zile za kila mtu, na hata Anold mlangoni pake alikuwa anatikisa kichwa. Adhuhuri ikapita. Wakaingia ndani na mwali. Kutoka pale kibarazani maneno hayakusikika, ila ngoma ndogo ilikuwa inafika, inaisha, inaanza tena. Shuaibu alikuwa na redio ya mtu mkononi, ameifungua, hajaigusa. Alikuwa anahesabu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakutaka kuhesabu na hakuweza kuacha.

Ya sita ilikwisha.

Alingoja ngoma ya saba ianze. Haikuanza. Njia ilikuwa imetulia, jua limesimama, mama wa vitumbua ng'ambo ameinamisha kichwa. Ukapita muda wa kikombe cha kahawa, ukapita mwingine. Huko ndani walikuwa wamekaa tu, makungwi wote na mwali katikati yao, wameuachia ule wimbo nafasi yake bila kitu ndani.

Kisha vigelegele vikapasuka, na mwali akatolewa nje.

"Mbona walinyamaza muda mrefu vile?" Mrisho aliuliza. "Kuna jambo?"

Shuaibu aliangalia mikono yake.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, Mrisho."